Akello na Sauti Moja Ndefu

Laini ya Tano, Kericho
22 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Gordon,

Akello atapiga saksafoni kanisani mbele ya askofu. Ile ile uliyotuma kutoka Doha. Shamba zima la chai linajua, maana nimetangaza mimi mwenyewe.

Haya sasa, hujambo? Joto la huko limepungua? Sisi tuko wazima, ila mvua ni kila jioni na goti la Baba Akello linamsumbua.

Shida ni moja. Nilimwambia mchungaji msichana anajua wimbo mzima. Hajui. Mwalimu wake, Kiplimo wa Sigowet, bado hajampa wimbo. Amempa sauti moja: avute pumzi kutoka tumboni, aishikilie sauti bila kutetemeka mpaka pumzi iishe, apumzike, arudie. Halafu sauti tano, kupanda na kushuka polepole, ulimi ukigonga tu-tu-tu. Akiuma kile kimwanzi cha mdomoni, chombo kinalia kama bata amekanyagwa.

Wiki jana alianza mazoezi kabla ya jua. Ile sauti ndefu ikapita laini yote ya nyumba zetu wachumaji. Watu wakadhani ni king'ora cha kiwanda, wakatoka na vikapu, wakaenda kusimama kwa mizani ya majani peke yao. Sasa jirani yangu Rodah akiniona anauliza, "Mama Akello, leo king'ora chenu kinatuita wapi?" Supavaiza naye amekataza kelele. Basi mtoto anapulizia ndani ya blanketi, na Kiplimo anasema hivyo pumzi haitakua.

Juzi akaniambia, "Mama, umenitoa kwa askofu kama kuku wa wageni." Chai nachuma kuwashinda wote hapa, hilo unajua, lakini pumzi siwezi kumvutia. Namshikia saa tu.

Nilienda kwa mchungaji nimwambie ukweli. Nikamkuta anajisomea kwa sauti maneno ya kumtambulisha Akello. Nikamsalimia, nikarudi nyumbani.

Msalimie wifi yangu Molly na watoto. Kaka Oyugi anakuja kutoka Chepilat na watu wake wote, sikuweza kumzuia. Mungu akutunze huko ugenini, na huyu mtoto amwongezee kifua. Wewe washa simu tukuonyeshe, hata kama itakuwa ile sauti moja.

Dadako anayekuweka moyoni,
Jerusa

Nimeuliza kama siku inaweza kusogezwa. Haisogezwi. Wote mnangojewa Jumapili, tarehe 14 Desemba.