Kaka, Jina Lako Halijatoka

Kaka Seif,

Jina lako bado limo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hujauliza nani alikuja mazikoni na nani hakuja.

Masharti uliyaweka mwenyewe: kila mmoja katika lile kundi lenu la wasapu alete hadithi fupi kila siku, mwezi mzima, na atakayeruka hata siku moja jina lake litolewe. Wewe hukuruka. Siku uliyokufa ulikuwa umeshatuma ya siku hiyo. Kesho yake tukakuzika, na nyumba ikiwa bado imejaa watu, mkeo Zuwena alinishika mkono akanivuta pembeni. "Wifi, ya leo haijaenda. Jina lake lisitoke." Nilidhani msiba umemchanganya. Akanitia simu yako mkononi, ameshaifungua.

Unajua mimi ni mtu wa habari. Maisha yangu yote nimeandika nani kafanya nini, wapi, na nani kathibitisha. Hadithi sijapata kuandika. Lakini nilikaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi nikaandika kuhusu mzee aliyetoka msikitini amevaa viatu vya mtu mwingine. Nilimsomea Zuwena kabla ya kutuma. Akaniangalia. "Wifi, hii taarifa ya habari. Uongo uko wapi? Kaka yako alikuwa muongo, Mungu amrehemu, muongo hodari."

Nikaituma hivyo hivyo.

Tangu hapo, Kaka, nimechoka. Natoka kazini miguu imevimba, na badala ya kwenda nyumbani nazunguka kutafuta cha kuandika. Nilikwenda Forodhani wauzaji wanawasha majiko. Nikasimama mbele ya muuza pweza nikangoja kitu kinijie, na kabla sijajua nikawa namuuliza pweza kamnunua wapi, kwa bei gani, na mwaka jana ilikuwaje. Akaniambia, "Bi mkubwa, unakula au unaandika?" Nikarudi na habari ya bei ya pweza. Nilikaa barazani Mkunazini, nje ya duka lako la ufundi wa redio lililofungwa, nikasikiliza watu wakibishana mpira. Wewe ungetoka na kitu pale. Nakukumbuka umebana skrubu za redio midomoni, mteja anakulalamikia kwamba redio yake inakoroma, wewe unaitikia "mm, mm" tu, na ikifika alasiri yule mteja ameshakuwa mfalme aliyerogwa katika hadithi yako. Nilipokuuliza unafanyaje, ulisema, "Wewe unawauliza watu sana. Waache." Sikukuelewa, na sikuwa na haja ya kukuelewa. Kila mtu na kazi yake.

Kisha nikatumwa Jozani kuandika kuhusu vijana wanaotembeza wageni msituni. Mmoja wao akanionyesha kima punju ameketi juu ya tanuri la makaa lililopoa, ameshika kipande cha mkaa anakitafuna kama biskuti. Kijana anasema wanaula sana mkaa, majani yanawasumbua tumbo na mkaa unawatuliza. Nilikuwa nimechoka hata kubuni jina, nikaandika nilichokiona, mwanzo mpaka mwisho, nikaenda kumsomea Zuwena.

Akacheka. Kaka, alicheka mpaka ushungi ukamteleza. "Hiyo ndiyo hadithi! Kima ale makaa! Umeutoa wapi uongo huo?" Sikumwambia ni kweli. Mtu wa mjini ambaye kwake shamba linaanzia Mwanakwerekwe, hapo tu ukingoni mwa mji, ningemthibitishia vipi?

Lakini Bi Rukia, shangazi yake, aliyehamia pale kumkalia kipindi hiki cha eda, alikuwa mlangoni na tasbihi yake. "Kizuka yuko edani anacheka? Kaburi la mumewe halijakauka. Majirani wakisikia watasemaje?" Zuwena akaufunga ushungi, akageukia ukutani. Siku ya pili yake aliniambia, "Usinisomee tena. Tuma tu." Ikawa hivyo. Nafika, nakaa, naandika chochote, natuma. Yeye ananiuliza neno moja, "Imekwenda?" Namjibu, "Imekwenda." Chakula anakigusa, hali. Nje hatoki, wageni wamepungua, na Bi Rukia anahesabu shanga zake. Nimewahi kukaa katika vyumba vizito, lakini vile nilikuwa naondoka nikishaandika.

Jana nilikuwa sina kitu. Nilishinda mkutanoni, watu wazima wakigombania maikrofoni. Nilifika baada ya alasiri, nikakaa mkekani na simu yako, nikaitazama mpaka kioo kikazima. Nikasema mbele yao wote wawili, "Wifi, nshachoka. Leo sina. Acha jina litoke, mwenyewe hatojua."

Nikasikia sauti ya Zuwena, ndogo, bado ameelekea ukutani.

"Alikuwapo mtu akatoka kwenda kununua mkate wa ufuta. Akamwambia mkewe, chai isipoe, narudi."

Nikaanza kuandika.

Anasema yule mtu aliununua mkate, ungali moto, akautia kwapani. Lakini wakati wa kurudi, vichochoro vilikuwa vimehama. Kila mlango aliobisha kuulizia kwake, alifunguliwa na mtu mwenye redio mbovu. "Fundi, nitazamie kidogo tu." Naye hajui kukataa. Anatengeneza, anaaga, anabisha wa pili. "Fundi, kidogo tu." Mkate uko kwapani, haupoi. Kila nyumba anayotoka, nyuma yake redio inaanza kuimba, na mji mzima unaimba isipokuwa nyumba moja.

Mimi sikuinua kichwa. Niliandika kama ninavyoandika kazini, neno kwa neno. Alipomfikisha kwenye mlango mmoja mtaa wa Kiponda, mkono umeinuliwa kubisha, aliishia hapo.

"Basi. Nimechoka na mimi."

Shanga za Bi Rukia zilikuwa zimesimama, sijui tangu lini. "Halafu?" akasema. "Zuwena! Halafu akafunguliwa na nani?"

"Kesho, shangazi."

"Kesho! Mtu umemsimamisha mlangoni na mkate wake, unaniambia kesho!" Akainuka kwa hasira akaenda kumletea uji. Zuwena akaunywa.

Nikatuma. Rafiki zako wanauliza mlango ule ni wa nani. Sikuwajibu, kwa sababu sijui, na kwa mara ya kwanza sijamuuliza mtu.

Kaka, Mungu akupanulie ulipo. Mwezi haujaisha, na kila siku baada ya alasiri nitakuwa pale mkekani. Zuwena akikufikisha nyumbani, nitaandika kwamba umefika. Akikuacha njiani, nitaandika uko njiani. Sitamsahihisha.

Nduguyo,
Raya