Kigurudumu cha Mama Amoit

Malaba, Jumapili jioni

Kwako Mama,

Hamjambo huko Emali? Goti lako linaendeleaje, na mvua imefika shambani ama bado mnaangalia mawingu tu? Mimi mwili ni mzima. Kwa simu nimekuwa nikikuambia niko sawa halafu nakata haraka, kwa sababu nikisikia sauti yako aibu inanishika. Ndiyo maana naandika. Barua hii nampa Kilonzo wetu, dereva wa trela, ambaye lori lake limetoka kwa foleni ya forodha leo. Nimemwapisha asikuonyeshe video yoyote kabla hujasoma.

Mama, Mama Amoit amefariki. Ni yule mwenye nyumba wangu, aliyenipokea nilipokuja kazi huku, akawa ananiita mtoto wake. Jioni nikifanya mazoezi ya nyimbo za kanisa alikuwa akivuta stuli yake karibu nami. Unajua sina kinanda cha maana. Ni kompyuta yenye programu ya kutengeneza sauti, kama ile ya nyuzi za fidla tuliyoipenda sisi wawili, na kinanda kidogo cha kuchomeka. Kando ya funguo zake kuna vigurudumu viwili. Kimoja kinapandisha na kushusha sauti. Kingine ukikisukuma polepole sauti inaanza kutetemeka, vile wewe unavyomalizia mstari ukiimba. Hicho cha pili Mama Amoit alikifanya chake. "Wewe piga," alikuwa akisema, "kazi yangu mimi ni kutingisha." Na alijua pa kutingisha! Mwisho wa kiitikio tu, kidogo, halafu anarudisha chini. "Na uweke ule mwangwi wa kanisa kubwa," ananiambia, "hapa ni kama tunaimbia jikoni." Naongeza mwangwi, anacheka.

Alipolazwa hospitalini alinishika mkono. "Siku yangu unipigie wimbo wangu, kwa ile sauti yetu ya nyuzi." Nikamwahidi.

Sasa lile nililokuficha. Umewaambia kina mama wa kwaya huko kwamba kijana wako anapiga kinanda kanisani. Ni kweli, Jumapili. Lakini Jumamosi napiga kwa baa hapa karibu na maegesho ya malori. Madereva na matanboi, wale wasaidizi wao, wanataka kitu cha kutikisa kifua. Jumamosi moja kabla ya mazishi nikachukua ile sauti yetu ya nyuzi, nikakipa kigurudumu kazi nyingine: ukikisukuma, sauti inanguruma wau-wau na mwangwi unajirudia kwa mdundo. Watu walipagawa. Nami kwa raha zangu nikahifadhi juu ya ile ile, kwa jina lile lile, ya zamani ikafutika. Sikuwaza kitu.

Siku ya mazishi jeneza likaanza kuteremshwa. Nikapiga wimbo wake. Kigurudumu kilikuwa chini, kwa hivyo nyuzi zilitoka laini kama siku zote, na mume wake, Mzee Ekisa, akainua kichwa kusikiliza. Kufika mwisho wa kiitikio, kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kigurudumu. Woi, Mama! Spika zilinguruma wau-wau-wau juu ya kaburi. Nikatoa mikono yote kwa woga, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana kigurudumu hicho hakirudi chenyewe, kinabaki ulipokiacha. Mwangwi ukaendelea kujirudia bila mtu kugusa chochote. Tanboi mmoja nyuma ya hema akapaza sauti, "Ongeza, dijei!" Watoto wakacheka, simu zikainuliwa kurekodi. Padri akafunga kitabu. Nikang'oa waya, spika zikapiga kishindo, kisha kimya. Wimbo waombolezaji wakaumalizia kwa midomo.

Nikafunga vitu vyangu nikaondoka hata kabla ya chakula. Sikukaa nao matanga, mimi niliyeitwa mtoto wa nyumba hiyo. Watu wa boda boda sasa wananiita Dijei Kaburi, na hilo nastahili. Ila tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi nyumbani kwa kuruka ua wa nyuma, nisipite mlangoni pa Mzee. Mtu mzima na ndevu zangu, naruka ua! Naona haya hata kuliandika.

Leo mchana akabisha kwangu. Nikajua nafukuzwa, nikamtangulia: "Mzee, nitahama."

"Nani amekuambia uhame? Beba hiyo mashine. Mama Amoit hajapigiwa wimbo wake."

Nilikuwa nimesharudisha kazi ya zamani ya kigurudumu, lakini nilijaribu tena na tena kwa sauti ya chini kabla ya kutoka. Tukaenda nyuma ya migomba, kwenye udongo ambao bado ni mbichi, na spika yangu ndogo. Nikapiga. Kufika mwisho wa kiitikio nikauficha mkono wa kushoto mapajani. Sauti ikasimama kavu.

"Mbona hutingishi?"

"Naogopa, Mzee."

Alikuwa amebeba ile stuli. Akaiweka karibu nami akakaa. "Huyu mama alinisumbua sana na hicho kitu. Ati kidole kimoja, polepole. Haya, piga."

Kidole chake ni kizito, Mama. Alisukuma mapema, akasukuma mno, akasahau kurudisha, wimbo wote ukatetemeka hadi mwisho. Sikumrekebisha. Nililia kwa aibu, maana siku zote nilizokuwa nikiruka ua, yeye alikuwa amekaa peke yake akiningoja. Tulipomaliza akaniuliza, "Nimeweza kama yeye?" Nikamwambia ameweza. Huo ndio uongo wangu pekee ambao siuonei haya.

Nisalimie Baba na goti lako, na shangazi anayefuga kuku, na mwalimu wa kwaya. Kina mama wa kwaya usiwaambie kitu. Nikija nitawaambia mwenyewe habari za Jumamosi.

Ni mimi mwanao, ambaye leo amerudi kwa kupitia mlangoni,

Musyoka