Muhuri Ulioniachia

Ofisini kwako, ghorofa ya pili,
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi, na pole na baridi ya huko. Kifua kimepoa? Sisi huku miili mizima, ila usingizi ndio umetuhama. Mama magoti yanamsumbua, na bado anamwambia kila anayepita kwamba injinia wake yuko masomoni. Sijapata moyo wa kumkatisha. Shemeji yako amepona jino, kwa hiyo maneno yake yamerudi yote.

Sasa habari yenyewe, ambayo kwenye simu uliisikia nusu. Fundi Msumari tulimzika Alhamisi. Ni yule aliyekuwa akikutania kwamba viatu vyako havijawahi kuonja zege. Walipotoa miti iliyoshikilia roshani ya nyumba ya mwalimu mstaafu, yeye alikuwa chini yake. Iling'oka nzima.

Mchoro ule niliuchora mimi. Roshani imetokeza nje bila nguzo mbele, kwa hiyo nondo zake zilipaswa kulazwa upande wa juu wa zege, ndipo ibebe. Mimi nilinakili za sakafu ya chumbani, nikaziacha chini. Zamani ungeliona kosa hilo. Ulikuwa ukipitisha kalamu nyekundu kwenye kila nondo, moja moja, mpaka naudhika, ndipo unagonga muhuri. Ulipoondoka uliniachia muhuri droani ili kazi zisisimame, na safari hii nilipokupigia simu ulisema, "We gonga tu, nakuamini." Nikagonga. Mchoro mzima hauna hata alama moja nyekundu.

Kuna jambo nilikuwa sijamwambia mtu. Siku mbili kabla ya kumwaga zege, Msumari alikuja hapa, kofia mkononi.

"Dada, hizi nondo si zinakaa juu?"

Nikamwonyesha jina lako na namba yako ya usajili. "Wewe fuata mchoro. Injinia keshapitisha."

Akasema haya, akaondoka. Mtu wa miaka ishirini kazini, nikamfunga mdomo kwa wino. Naona aibu, Kaka, na hata nikilala naamka nayo.

Barua ya Bodi ya Wahandisi imefika. Kikao cha nidhamu ni tarehe ishirini na tatu, nawe unatakiwa ufike. Wenzako wa chama cha wahandisi, waliokuwa hawaishi kupiga simu, wamenyamaza. Ujumbe wako wa jana, kwamba niseme muhuri uliibwa, nimeusoma. Wezi gani hao, waache kompyuta wachukue muhuri? Na hata kama wangeniamini, nisingesema.

Leo asubuhi nimeupeleka muhuri Bodi pamoja na maelezo yangu, yote, hadi ile kofia mkononi. Najua watakufuta kwenye daftari la wahandisi, na mimi huenda nikashtakiwa. Karani aliujaribu kwenye karatasi tupu. Jina lako likatoka safi kabisa.

Usinikasirikie kwa simu, njoo unikasirikie hapa. Msibani mjane wake aliniuliza swali moja tu: injinia alikuja siku gani kuangalia ile kazi? Nilimwambia utamjibu mwenyewe.

Mama anakusalimu, na shemeji pia, kwa kirefu. Mungu akupe nguvu za kupanda ndege.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekupenda vilevile.