Sketi ya Mwanangu Imesifiwa, Nami Nimekwisha

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa sina pa kushika, nisaidie, na tafadhali usinicheke. Mimi ni mkaguzi katika kiwanda cha serikali cha sare za shule, mwaka wa kumi na moja sasa, na kama ujuavyo kila mzazi analazimika kununua kwetu, haruhusiwi kushonesha kwingine, na kazi yangu ni kuangalia mishono na kupiga muhuri, lakini kusema kweli kitambaa chetu kikifuliwa mara tatu kinapauka na uzi unakatika mtoto akichuchumaa, nami napiga muhuri kwa sababu meneja amesema nipige. Basi mwanangu wa darasa la nne nikamshonea sketi nyumbani, kitambaa nilipewa bure na wifi yangu anayeuza vitambaa vya kutoka nje pale sokoni, rangi ni ileile, nikashonea lebo ya kiwanda kwa ndani nikanyamaza. Sasa meneja kaagiza shule zimpelekee sare iliyovaliwa mwaka mzima na bado nzima, wengine wamepeleka matambara, mwalimu mkuu wetu akachagua sketi ya mwanangu, na mtoto kwa furaha akaipeleka mwenyewe mimi nikiwa kazini. Jumatatu itaoneshwa mbele ya kamati ya wabunge, kuthibitisha kwamba kiwanda chetu kinashinda vya nje na kwa hiyo vitambaa vya nje vipigwe marufuku, na aliyeteuliwa kusimama na kueleza ubora wake ni mimi. Wifi kasikia habari za marufuku redioni, kaja kwangu analia, "Wewe si uko ndani huko, tusemee," naye hajui kwamba sketi yenyewe ni kitambaa chake. Mume wangu anasema ninyamaze, tutakula nini. Nina hasira na meneja huyu. Nifanyeje?

Mkaguzi aliyekwama

Marahaba, Mkaguzi. Pole, lakini pole yangu ni nusu tu. Unamkasirikia meneja, nami namkasirikia, ila muhuri umeushika wewe. Miaka kumi na moja umepitisha nguo ambazo mwanao hukutaka azivae. Kuna mfua nguo huko mtaani ananunua sare mbili kwa mwaka, si kwa kupenda, ni sheria imembana, naye hana wifi wa kumpa kitambaa wala lebo ya kujifichia. Hapo ndipo damu inaponichemka.

Na hao wanaotaka kufunga mpaka wanatuona watoto. Kiwanda chenu kina mashine, kina mafundi, kina jengo tulilolijenga kwa kodi zetu. Kinachokosekana ni mteja anayeweza kusema sitaki. Siku mzazi akiruhusiwa kwenda kwingine, uzi mzuri utapatikana wiki hiyohiyo, we subiri uone. Mkizuia na kitambaa cha nje, nani atawasumbua mjirekebishe? Na mtu asiniletee habari ya kulinda ajira. Mafundi wenu hawashindwi na kitambaa cha mbali, wanashindwa na uzi mbovu wanaopewa na ofisi isiyojali, kwa kuwa ofisi inajua tutanunua tu.

Sasa sikiliza. Leo hii nenda kwa wifi yako umwambie ukweli wote, maana ni kitambaa chake kinachotaka kumfungia biashara. Akikufokea, vumilia, umeyataka. Kesho mwandikie meneja kwamba sketi ile haikutoka kiwandani, na ubaki na nakala. Akikuamuru unyamaze, Jumatatu simama palepale walipokuweka, useme kitambaa kimetoka wapi, nani kashona, na kwa nini hukumvalisha mwanao ya kiwanda. Mwambie mumeo kwamba swali lake ni la haki, na jibu lake si kumnyang'anya dada yake riziki.

Unaweza kufukuzwa, sitakudanganya. Lakini sketi uliyoishona nyumbani kwako imezishinda za shule zote, na siku wazazi watakaporuhusiwa kuchagua, watauliza unapokaa.