Kisu Ulichokikaza Mwenyewe

Mume wangu, Baba Rehema,

Eda imeisha. Nimetoka uani, na watu wa Katesh wananisalimia kwa sauti ya chini kana kwamba mgonjwa ni mimi. Naitikia. Sijalia tangu walipokutoa ndani kwenda kukuzika. Nimekufa ganzi tu. Nakula, nalala, namsuka Rehema nywele, basi.

Mashine yako ya kukereza vyuma nusura iuzwe. Nilipokuwa eda, mdogo wako Salimu alishika karakana. Kila akikereza, mashine ilipiga kelele na chuma kikatoka na makovu. Siku moja alikuja akakohoa nje ya mlango, kwa heshima zake.

"Shemeji, mashine imechoka. Kuna mtu wa Mbulu anaitaka. Ukimaliza eda tuiuze."

Nikamjibu sawa. Ningejibu sawa hata kama angesema anauza paa. Siku ya pili ndipo nilipojiuliza mimi na Rehema tutaishi kwa kutegemea nini. Nikamwomba asubiri nitoke, niikereze mwenyewe shafti ya mashine ya kusaga ya yule mzee wa Maretadu. Ikitoka na makovu, mashine iende.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita niache mboga jikoni nije nishike mashine na kusikiliza? "Sikia hiyo," unasema, nami nasikia kelele tupu, nakuchekea. Unanuna kidogo, halafu unarudia yale yale: "Usikimbilie kuilaumu mashine, Mama Rehema. Uliza kwanza imekishikaje kisu."

Basi nilipotoka eda nikauliza. Salimu alikuwa amekitokeza kisu cha kukatia chuma nje mno, kama mbuzi anayechungulia nje ya zizi. Nikakirudisha ndani, nikakaza. Kelele zikapungua, hazikuisha. Nikakwangua uso wa chuma, katikati kikabaki kipele ambacho kisu hakikukifikia. Hapo nikajua ncha ya kisu imekaa chini ya katikati ya chuma. Nikachungulia chini ya kisu: patupu. Vibati havipo.

Vile vibati nilivyokuwa nakukatia kwenye madebe ya mafuta ya kula kwa mkasi wangu wa jikoni, huku nikikulalamikia kwamba unaumaliza mkasi! Ulikuwa unaviweka juu ya mashine, kila kisu na vyake, vya kukiinua. Siku ya msiba wanawake walisafisha karakana ili watandike mikeka, wageni wapate pa kukaa. Wakaona mabati yenye kutu, wakayatupa na takataka. Salimu hakuwahi kujua yalikuwa ya nini. Simlaumu, wala wao siwalaumu.

Nikatafuta debe, nikakata vingine. Nikaongeza kimoja, nikapima, nikaongeza kingine, mpaka ncha ya kisu ikatazamana na ncha ya senta, ile inayoonyesha katikati ya chuma. Mashine ikanguruma chini chini. Shafti ikatoka safi. Salimu akaipitishia kidole.

"Duh! Kumbe ni vibati tu, shemeji?"

Akampigia yule mtu wa Mbulu pale pale, akamwambia haiuzwi. Nilipaswa kufurahi. Nilienda kunawa mikono.

Ninalotaka kukuambia hasa ni hili. Upande wa pili wa kishikio cha visu kuna kile kisu cha kuchonga meno ya boliti. Ulikikaza wewe, asubuhi ile kabla kifua hakijakubana. Hakuna aliyekigusa, na vibati vyake bado viko chini yake. Sasa mama mmoja wa Hirbadaw ameleta boliti ya plau yake, na kisu hicho ni butu. Lazima kitoke kikanolewe. Nikatia spana kwenye boliti zinazokishika, nikavuta. Hakuna kitu. Ulikuwa unakaza kupita kiasi, halafu mimi nakuita uje ulegeze, na unakuja huku unacheka.

Nikaacha kuvuta. Nguo zako zimegawiwa, kitanda kimehamishwa. Nguvu ya mkono wako imebaki kwenye boliti zile tu.

Mama wa Hirbadaw anarudi kesho. Salimu amesema atakuja anisaidie, nimemkatalia. Nitaivika spana bomba nipate urefu, nivute mwenyewe. Ikiachia, iachie mkononi mwangu.

Pumzika, baba. Usiku wa leo kisu bado umekishika wewe.

Mkeo,
Mama Rehema