Ndizi za Sikukuu

Chonyonyo, Karagwe

Mjukuu wangu Alinda,

Marahaba. Hapa tu wazima, kahawa imeanikwa, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza kama inafaa uje Nanenane, maana mwaka huu imeangukia Jumamosi na unaona sikukuu imepotea, au ungoje Krismasi yenye siku nyingi.

Nilipokuwa karani kijana kule Bukoba, nilimwahidi mama yangu kwamba nitakuja Idi, Ijumaa. Akafukia ndizi shimoni ziive, anikamulie juisi. Mwezi haukuandama, Idi ikasogea Jumamosi. Nikaona siku zimekuwa chache mno kwa safari ile, nikabaki mjini nafua nguo.

Nilikuja Krismasi. Mama hakuninunia. Alisema tu, "Zile ndizi zilikuwa zimeshaiva, nikawakamulia majirani. Lakini kila gari lililopita, nilitoka nje."

Likizo ni yako, panga unavyoona. Mimi ndizi nitazifukia wiki moja kabla ya Nanenane, na si kwamba nakulazimisha. Ni kwamba siku hizi kila bodaboda inayopanda kilima chetu inaninyanyua kitini.

Bibi yako