Meno Niliyoziba Mwaka Jana

Mama Rehema, hamjambo huko?

Babati ni baridi na vumbi, na sukari sijaiona tangu nifike. Nimerudi kukagua meno niliyoziba mwaka jana, tujue ile dawa mpya ya kuzibia imedumu kiasi gani. Haikudumu. Leo bibi mmoja wa kijiji cha Singe amefungua pindo la kanga, akanipa kipande cha dawa kilichong'oka jinoni akila makande.

"Nimekutunzia, mjukuu wangu. Nasikia dawa hamna, kirudishie tu."

Hakirudi. Nimeling'oa jino, naye akanishukuru.

Rehema nilimziba jino kwa dawa ileile. Usimwambie kitu. Mpikie uji, mahindi ya kuchoma asiguse mpaka nirudi. Nawakumbuka sana.

Baba Rehema